Mali ya Wizi Huvuka Mipaka; Je, Haki Nayo?

Hotuba iliyotolewa na wakili wa Mahakama Kuu mbele ya mkutano wa wanaharakati na waumini wa makanisa



Mmeniomba nieleze jinsi mataifa ya Ulaya yanavyotafuta ushahidi wa jinai ng'ambo ya mipaka yao, na jinsi yanavyomnyang'anya mhalifu mali aliyoipata kwa uhalifu. Huenda baadhi yenu mkajiuliza: mambo ya Ulaya yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, fedha zilizoibwa Afrika zimekuwa, kwa miaka mingi, zikienda kulala katika mabenki na majumba ya Ulaya; basi sheria za huko ndizo huamua kama zitaamshwa au zitalala milele. Pili, wenzetu hao wamelikabili swali ambalo kila taifa linalotaka kupiga vita ufisadi sharti lilijibu: tuwape waendesha mashtaka na majaji nguvu kiasi gani za kuingia nyumba ya mtu, kusoma mawasiliano yake na kutwaa mali yake, pasipo kuwageuza kuwa wanyang'anyi wenye mihuri?

Mpaka ulipokuwa ngao

Tuanze na hali ya zamani. Tarehe 20 Aprili 1959, mjini Strasbourg, nchi za Baraza la Ulaya zilifungua mkataba wa kusaidiana katika mambo ya jinai. Kwa wakati wake ulikuwa hatua kubwa, lakini msingi wake ulikuwa ni ombi, wala si amri. Hakimu aliyetaka karatasi za benki zilizoko nchi nyingine aliandika barua ya maombi. Kwa kawaida barua hiyo ilipanda hadi wizara ya sheria ya nchi yake, ikavuka hadi wizara ya sheria ya nchi ya pili, ikashuka kwa hakimu wa huko, na majibu yakarudi kwa njia iyo hiyo. Nchi iliyoombwa iliweza kukataa kwa kusema kwamba kosa hilo ni la kisiasa, au ni la kodi, au kwamba kulitimiza ombi kungedhuru usalama wake na masilahi yake. Tena mwenye akaunti, pale sheria ilipomruhusu, alikata rufani juu ya rufani. Barua ilisafiri kwa miezi. Fedha zilisafiri kwa dakika.

Siku za mwizi ni arobaini, wahenga walisema. Lakini mwizi aliyejua njia za mabenki alipewa mwaka mzima, na mara nyingine miaka kumi.

Tarehe 1 Oktoba 1996, mahakimu na waendesha mashtaka saba kutoka nchi tano walitoa tamko la pamoja mjini Geneva. Miongoni mwao walikuwamo Bernard Bertossa, mwendesha mashtaka mkuu wa Geneva, Gherardo Colombo wa Italia, Baltasar Garzón wa Uhispania na Renaud Van Ruymbeke wa Ufaransa. Walisema hadharani kwamba Ulaya ya wafanyabiashara na ya fedha ilikuwa imekwisha kufungua milango yake, ilhali Ulaya ya mahakama ilikuwa bado imefungwa kwa kufuli za kale. Walitaka mahakimu waruhusiwe kuandikiana moja kwa moja, na siri ya benki isiwe kizuizi pale mahakama ya nchi nyingine inapoomba msaada. Mniruhusu niwakumbushe kwamba watu hao hawakuwa wanasiasa. Walikuwa watumishi wa sheria waliochoka kufunga majalada ambayo ukweli wake waliujua, lakini hawakuweza kuuthibitisha.

Amri mahali pa ombi

Mwezi wa Oktoba 1999 viongozi wa Muungano wa Ulaya walikutana Tampere, Finland, wakakubaliana kwamba msingi wa ushirikiano wa mahakama zao uwe ni kutambuana: uamuzi wa mahakama ya nchi moja utambuliwe katika nchi nyingine bila kusikilizwa upya. Waumini mtalielewa jambo hili upesi. Cheti cha ubatizo kilichotolewa na parokia moja hukubaliwa na parokia nyingine. Padri wa pili hambatizi mtu tena. Ndivyo walivyotaka amri za majaji ziwe.

Matunda yake yalikuja polepole. Mwaka 2002 ilianzishwa Eurojust, ofisi ya kuwaunganisha waendesha mashtaka, ambayo makao yake yako The Hague. Mwaka huohuo uliwekwa utaratibu wa timu za pamoja, ambamo wapelelezi wa nchi mbili au zaidi hufanya kazi katika jalada moja. Na tarehe 3 Aprili 2014 ulipitishwa mwongozo wa kisheria ulioanzisha Amri ya Upelelezi ya Ulaya. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 22 Mei 2017 kuutungia sheria. Denmark na Ireland hazikujiunga nao.

Amri hiyo hufanyaje kazi? Chukueni mfano. Mwendesha mashtaka wa Lyon anachunguza rushwa, na anaamini kwamba hongo ililipwa kupitia akaunti iliyoko Milan. Hujaza fomu moja, iliyo sawa kwa nchi zote zilizojiunga. Hueleza kosa, hutaja anachokitafuta na sababu yake, kisha huipeleka moja kwa moja kwa mwenzake wa Italia. Huyo wa Italia ana siku 30 za kuamua kama ataitambua, ambazo zaweza kuongezwa nyingine 30 pakiwa na sababu. Baada ya hapo ana siku 90 za kuitekeleza. Kwa fomu hiyo shahidi aweza kuhojiwa kwa njia ya video, nyumba ikapekuliwa, maelezo ya akaunti yakatolewa, simu zikasikilizwa, hata mfungwa akahamishwa kwa muda ili aje atoe ushahidi.

Lakini sikilizeni mipaka yake, kwa maana humo ndimo mna hekima. Anayetoa amri lazima aridhike kwamba hatua anayoiomba ni ya lazima na inalingana na uzito wa kosa. Haruhusiwi kuomba ng'ambo jambo ambalo sheria ya nchi yake mwenyewe isingemruhusu kulifanya nyumbani katika kesi kama hiyo. Anayepokea naye aweza kukataa iwapo mtu huyo amekwisha kuhukumiwa kwa kosa lilo hilo, au ikiwa kuna sababu nzito za kuamini kwamba haki zake za kimsingi zitavunjwa. Tena mshukiwa, kupitia kwa wakili wake, aweza kuomba amri hiyo itolewe kwa ajili ya utetezi wake, kwa kadiri sheria ya nchi yake inavyoruhusu. Ushahidi wa kumwokoa mtu nao waweza kuwa ng'ambo ya mpaka.

Nyumba ya mtu na mlango wa mahakama

Nieleze kesi moja iliyotoka Bulgaria. Mtu mmoja, kwa jina Gavanozov, alishtakiwa kwa kushiriki katika kundi lililodaiwa kukwepa kodi ya mauzo katika biashara ya sukari iliyoagizwa kutoka nchi nyingine za Muungano. Mahakama ya Bulgaria ikataka mamlaka ya Cheki wapekue ofisi ya kampuni moja ya huko na nyumba ya mwakilishi wake, wachukue karatasi, na wamhoji mwakilishi huyo kwa njia ya video. Likazuka swali. Katika sheria ya Bulgaria, mtu aliyepekuliwa hakuwa na njia yoyote ya kupinga amri ya upekuzi mbele ya mahakama. Je, nchi isiyompa mtu wake njia ya kulalamika yaweza kuzituma amri zake katika nchi za wengine?

Tarehe 11 Novemba 2021, Mahakama ya Haki ya Muungano wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilijibu: haiwezi. Ikiwa nchi haitoi njia ya kuipinga amri ya upekuzi, ya kutwaa vitu au ya kumhoji shahidi kwa video, basi nchi hiyo haina ruhusa ya kutoa amri ya aina hiyo. Kutambuana hujengwa juu ya kuaminiana, na kuaminiana hakujengwi juu ya mlango uliofungwa. Nawaomba mlishike jambo hili. Mahakama haikusema kwamba upekuzi ni haramu. Ilisema kwamba anayebisha mlango wa mwananchi sharti kwanza aache wazi mlango wa mahakama.

Kesi nyingine ilihusu simu. Katika mwaka 2020 wapelelezi wa Ufaransa, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, waliupenya mtandao ulioitwa EncroChat, uliouza simu za siri zilizopendwa sana na walanguzi wa dawa za kulevya. Ujumbe wa maelfu ya watu ulisomwa, na nchi nyingine zikaomba sehemu iliyowahusu wakazi wake. Kufikia Juni 2023, Europol ilitangaza kwamba watu 6,558 walikuwa wamekamatwa na mali yenye thamani ya karibu euro milioni 900 imetwaliwa au kuzuiwa. Ni mavuno makubwa. Lakini mawakili wa utetezi waliuliza: sisi tutaupimaje ushahidi huu, ikiwa Ufaransa inaificha kwa jina la siri za ulinzi namna ulivyopatikana? Tarehe 30 Aprili 2024 Mahakama ya Luxembourg iliamua kwamba mwendesha mashtaka aweza kuomba ushahidi ambao tayari uko mikononi mwa nchi nyingine. Papo hapo ikasema kwamba, iwapo mshtakiwa hawezi kuuzungumzia ipasavyo ushahidi ambao una uzito mkubwa katika hukumu, jaji hana budi kuuweka kando.

Kumfuata mhalifu mfukoni

Sasa nije kwenye mali. Kwa muda mrefu sheria ya jinai ilitazama mwili wa mhalifu: afungwe miaka mingapi? Ni Italia iliyolazimika kutambua kwamba kifungo peke yake hakitoshi, kwa sababu bosi wa mafia aliendelea kutawala akiwa gerezani maadamu mashamba, majumba na fedha zake zilikuwa salama.

Pio La Torre, mbunge kutoka Sicily, alipendekeza sheria ya kutwaa mali ya watu wa mafia. Bunge likasitasita. Tarehe 30 Aprili 1982 aliuawa kwa risasi mjini Palermo pamoja na dereva wake, Rosario Di Salvo. Tarehe 3 Septemba mwaka uo huo akauawa mkuu wa serikali katika mkoa wa Palermo, Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa, pamoja na mkewe. Siku kumi baadaye, tarehe 13 Septemba 1982, sheria ikapitishwa. Naam, ndugu zangu, damu ndiyo iliyolisukuma Bunge. Sheria hiyo ilifanya ushirika wa kimafia kuwa kosa lenyewe, na ikampa jaji uwezo wa kutwaa mali ya anayeshukiwa kuwa wa mafia ikiwa mali hiyo haiwiani na kipato chake na yeye ameshindwa kuonyesha ilikotoka kwa halali.

Lakini mali iliyotwaliwa ilikaa tu. Majumba yalioza na mashamba yakaota magugu, na wanakijiji wakaona kwamba chini ya bosi kulikuwa na vibarua, chini ya serikali hakuna kitu. Hapo ndipo kanisa na wananchi walipoingia. Mwaka 1995 padri Luigi Ciotti aliasisi muungano wa vyama vya kiraia ulioitwa Libera. Walikusanya saini milioni moja kutaka mali iliyotwaliwa irudishwe kwa jamii. Tarehe 7 Machi 1996 Bunge la Italia lilipitisha sheria hiyo. Tangu wakati huo, majumba ya mabosi yamegeuzwa kuwa vituo vya vijana, shule na nyumba za wasiojiweza. Katika mashamba yaliyokuwa ya mafia karibu na Corleone na San Giuseppe Jato, vyama vya ushirika vya vijana vinalima ngano na mizabibu. Kimoja kati ya vyama hivyo kilipewa jina la Placido Rizzotto, kiongozi wa wafanyakazi aliyeuawa na mafia mwaka 1948 kwa kuwatetea wakulima wasio na ardhi.

Mwaka 1996 huohuo, Ireland nayo ilishtuka. Tarehe 26 Juni mwandishi wa habari Veronica Guerin, aliyewaandama walanguzi wa dawa za kulevya, alipigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Dublin. Katika muda wa miezi michache Bunge lilianzisha ofisi ya mali ya wahalifu, ambamo polisi, maofisa wa kodi na maofisa wa misaada ya kijamii hukaa pamoja. Sheria yao haingoji mtu ahukumiwe jinai. Huishtaki mali yenyewe mbele ya mahakama ya madai, na kipimo cha ushahidi ni kile cha kesi za madai: lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli.

Muungano wa Ulaya ukaja kuunganisha mambo haya. Mwongozo wa mwaka 2014 uliweka viwango vya chini: kutwaa mapato ya kosa baada ya hukumu, kutwaa mali nyingine za aliyehukumiwa ikiwa mahakama imeridhika kwamba nazo zilitokana na uhalifu, kutwaa mali iliyohamishiwa kwa ndugu au rafiki aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba lengo lilikuwa kuificha, na kutwaa bila hukumu pale mshtakiwa anapotoroka au kuugua. Kisha ikaja kanuni inayotumika moja kwa moja tangu tarehe 19 Desemba 2020. Kwa kanuni hiyo, amri ya kuzuia mali iliyotolewa na nchi moja hutambuliwa na nyingine bila kuchelewa, na panapokuwa na dharura uamuzi hutolewa ndani ya saa 48. Mwongozo mpya wa mwaka 2024 umekwenda mbali zaidi na kugusa utajiri usioelezeka wenye uhusiano na magenge ya uhalifu. Nchi ziliwekewa hadi Novemba 2026 kuutungia sheria.

Baada ya sheria zote hizi, mavuno ni nini? Mwaka 2016 Europol ilichapisha uchunguzi wake wa miaka 2010 hadi 2014. Ilikadiria kwamba kati ya mapato yote ya uhalifu katika Muungano, ni asilimia 2.2 tu iliyozuiwa kwa muda, na asilimia 1.1 tu iliyotwaliwa kabisa. Maana yake ni kwamba katika kila euro 100 za wizi, mwizi hubaki na takriban 99.

Kwa nini? Kwa sababu mali haikai kwa jina la mwizi. Hukaa kwa jina la kampuni, inayomilikiwa na kampuni nyingine, inayosimamiwa na wakili katika kisiwa cha tatu. Ulaya ilijaribu kuweka daftari za wamiliki halisi wa makampuni zilizo wazi kwa kila mtu. Tarehe 22 Novemba 2022 Mahakama ya Luxembourg iliamua kwamba kuziacha wazi kwa watu wote kunavunja haki ya faragha, ingawa ilikiri kwamba waandishi wa habari na vyama vya kiraia vinavyopiga vita uhalifu wa fedha vina sababu halali ya kuziona. Wengi wetu tulihuzunika. Hata hivyo tusiidharau hukumu hiyo, kwa maana inatuleta kwenye moyo wa jambo hili.

Zakayo na Nabothi

Waumini mnawajua watu wawili katika Maandiko. Wa kwanza ni Zakayo, mtoza ushuru aliyejitajirisha kwa kuwapunja watu, ambaye siku wokovu ulipoingia nyumbani mwake aliahidi kurudisha mara nne. Wa pili ni Nabothi, aliyekuwa na shamba la mizabibu ambalo mfalme alilitamani. Nabothi hakunyang'anywa shamba lake gizani. Barua ziliandikwa, zikapigwa muhuri wa mfalme, baraza likaketi, mashahidi wawili wakasimama, hukumu ikatolewa. Utaratibu wote ulifuatwa, ila ukweli. Kisha mfalme akashuka kuchukua shamba.

Kila sheria ya kutwaa mali husimama kati ya watu hawa wawili. Ikilegea, kina Zakayo wote hustarehe na hawarudishi chochote. Ikikosa mipaka, huwa ni barua yenye muhuri dhidi ya Nabothi. Wazee wetu mlioko hapa, mliopekuliwa usiku na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, hamhitaji kuambiwa na wakili kwamba dola huweza kuwa mwizi.

Ndiyo maana nazitukuza hukumu za Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, hata zinapomfaa mtu tusiyempenda. Tarehe 9 Februari 1995, katika kesi ya Welch, mahakama hiyo iliilaumu Uingereza kwa kumtwalia mali mlanguzi wa dawa za kulevya kwa sheria iliyoanza kutumika baada ya yeye kutenda kosa. Mlanguzi alikuwa mlanguzi kweli. Lakini adhabu haitungwi leo kwa kosa la jana. Tarehe 1 Machi 2007, katika kesi ya Geerings, iliilaumu Uholanzi. Mtu huyo alipatikana na hatia ya baadhi ya wizi, akaachiliwa katika mashtaka mengine mengi. Hata hivyo mahakama ya huko ilimtoza faida inayodaiwa kutokana na wizi uleule aliokuwa ameachiliwa. Huwezi kumwambia mtu kwamba hakuiba, kisha ukamwambia arudishe alichoiba.

Msifikiri kwamba mahakama hiyo huwatetea matajiri tu. Tarehe 12 Mei 2015, katika kesi ya Gogitidze dhidi ya Georgia, ilikubali kwamba afisa wa serikali aweza kutwaliwa mali asiyoweza kuieleza, kwa njia ya kesi ya madai, mradi apewe nafasi ya kweli ya kusikilizwa. Mzigo wa kueleza waweza kumwangukia mwenye mali. Lakini sharti kwanza dola iweke mezani sababu za kumshuku, na sharti jaji awe jaji, si karani wa mfalme.

Fedha za Afrika katika mabenki ya Ulaya

Je, mashine hii imewahi kufanya kazi kwa faida ya Mwafrika? Imefanya, mara chache, na kwa kusukumwa.

Baada ya kifo cha Jenerali Sani Abacha, Juni 1998, Nigeria iliiomba Uswisi msaada, na afisi ya mwendesha mashtaka wa Geneva, chini ya yuleyule Bertossa, ikafungua uchunguzi. Februari 2005 mahakama ya juu ya Uswisi iliamua kwamba Abacha na wenzake walikuwa kama genge la uhalifu, na kwa hiyo waliodai mali ndio waliopaswa kuonyesha kwamba ni halali. Karibu dola milioni 500 zikarudi Nigeria. Dola nyingine milioni 321 zilikuwa Luxembourg, zikazuiwa kwa ombi la Geneva. Mkataba wa kuzirudisha ulitiwa saini Desemba 2017, kwa sharti kwamba zigawiwe kaya maskini chini ya uangalizi wa Benki ya Dunia.

Huko Ufaransa kazi ilianzishwa na raia. Kuanzia mwaka 2007 vyama vya kiraia, miongoni mwao Sherpa na baadaye Transparency International ya Ufaransa, vilipeleka malalamiko kuhusu majumba ya Paris yaliyomilikiwa na familia za watawala wa Afrika. Serikali haikufurahi, na afisi ya mashtaka ilipinga. Tarehe 9 Novemba 2010 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba chama cha kiraia kina haki ya kusimama mbele ya jaji katika jambo hilo. Teodorin Obiang, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta, alihukumiwa Oktoba 2017, na hukumu yake ikawa ya mwisho tarehe 28 Julai 2021: kifungo cha nje cha miaka mitatu, faini ya euro milioni 30, na kutwaliwa kwa mali, likiwemo jumba la kifahari la avenue Foch. Wiki moja baadaye, tarehe 4 Agosti 2021, Ufaransa ilitunga sheria kwamba fedha za namna hiyo zirudishwe karibu iwezekanavyo na wananchi walioibiwa.

Na Kenya? Tarehe 24 Februari 2016 kampuni ya Windward Trading ilikiri mbele ya mahakama ya kisiwa cha Jersey kwamba ilisafisha fedha zilizotokana na rushwa katika kandarasi za umeme wa nchi yetu. Zaidi ya pauni milioni 3 zikatwaliwa. Desemba 2018 Kenya, Uingereza, Uswisi na Jersey zilitia saini mfumo wa kurudisha mali kama hizo. Mtaona ni muda gani ulipita kati ya kukiri na kuafikiana tu juu ya namna ya kurudisha.

Tena lipo jambo la kutazamwa kwa makini. Kanuni ya Ulaya inayotumika tangu 2020 inasema kwamba nchi moja mwanachama ikitwaa mali kwa niaba ya nyingine, na fedha zikazidi euro 10,000, watagawana nusu kwa nusu, baada ya kumfidia mwathiriwa. Hiyo ni hesabu yao wao kwa wao. Sisi hatumo katika hesabu hiyo. Tutaingia tu kama waathiriwa, na mwathiriwa asiyejitokeza kudai hupitwa.

Tufanye nini?

Naomba nimalizie kwa mambo matatu.

Kwanza, tujifunze kuitunza karatasi. Amri ya Upelelezi ya Ulaya haianzi kwa hasira. Huanza kwa fomu inayoeleza kosa, tarehe, kiasi na jina. Nasi tuna sheria yetu ya mwaka 2011 ya kusaidiana kisheria na nchi za nje. Ombi letu linapokwenda Uswisi au London likiwa halina maelezo kamili, hurudi mikono mitupu, na mwizi hucheka. Ninyi mlio katika kata na parokia ndio mnaojua ni daraja gani lililolipiwa na halikujengwa. Andikeni. Wekeni tarehe. Hifadhini nakala.

Pili, tudai kwamba mali iliyotwaliwa ionekane. Saini milioni moja za Italia zilikusanywa na watu kama ninyi. Fedha iliyorudi na kutumbukia katika mfuko usiojulikana imeibwa mara ya pili.

Tatu, tusikubali kamwe kupewa sheria kali isiyo na mlango wa mahakama. Siku itakapoletwa sheria ya kutwaa mali, tuiulize maswali matatu. Je, anayepekuliwa aweza kulalamika mbele ya jaji aliye huru? Je, mtu ataulizwa juu ya mali yake kabla dola haijaonyesha sababu za kumshuku? Je, sheria hiyo itamgusa aliye madarakani, au ni wa upinzani tu? Sheria inayoshindwa maswali haya, hata ikiitwa ya kupiga vita ufisadi, ni barua ya kwenda kwa Nabothi.

Ndugu zangu, wale mahakimu saba wa Geneva walitaka haki iweze kuvuka mpaka ambao fedha zilikuwa zimekwisha kuuvuka. Kazi hiyo haijakwisha, kama asilimia ile moja inavyotuonyesha. Lakini imeanza, na pale ilipofaulu, nyuma ya jaji palikuwa na raia aliyesaini, chama kilicholalamika, au mwandishi aliyeandika. Tuwe hao.